Kitu cha Kulalia Shambani Msimu wa Korosho

Msimu wa korosho unapoanza, familia nyingi za Masasi na Newala huhamia mashambani kuokota na kulinda mazao yao, na usiku hulala kibandani. Wengi hununua mkeka au godoro kwa ajili hiyo. Kwa kuwa fedha za korosho hupatikana kwa msimu, aliyekosea kuchagua huenda akalalia kosa lake mwaka mzima.

Ugumu wa ardhi si tatizo pekee. Ardhi hunyonya joto la mwili na kupandisha unyevu. Mkeka wa ukindu hupitisha hewa vizuri wakati wa joto, lakini hauzuii baridi, na ukiachwa umetandikwa juu ya udongo kwa siku kadhaa huliwa na mchwa. Mkeka wa plastiki hauozi, ila jasho hubaki juu yake. Unaponunua mkeka wa ukindu, vuta kidogo mahali kili zilipounganishwa, kwani ndipo mikeka mingi huanza kuachana. Kisha uinue kwenye mwanga: usukaji uliolegea utaonekana.

Godoro la sponji linahitaji uangalifu zaidi. Kulibonyeza kwa kiganja dukani hakutoshi, kwa sababu sponji hafifu nayo huwa laini ikiwa mpya. Baada ya muda hubonyea penye nyonga na mabega. Lalia ubavu. Ukihisi sakafu, halikufai.

Kipimo kilicho bora ni mizani. Godoro la futi 3 kwa 6, unene inchi 4, lina ujazo wa takriban mita za ujazo 0.17. Sponji yenye kilo 20 kwa kila mita ya ujazo italifanya liwe na kilo 3.4 hivi, bila foronya yake. Ukikuta kilo 2 tu, sponji hiyo ina kilo 12 hivi kwa mita ya ujazo: sehemu kubwa ya ulichonunua ni hewa. Hata hivyo, uzito pekee usikudanganye, maana vipande vilivyogandishwa pamoja huweza kuwa vizito. Omba zipu ifunguliwe uone ndani. Muuzaji anayekataa ana sababu yake. Pima pia unene kwa rula, kwani inchi 4 za mdomoni mara nyingine huwa 3.

Kwa maoni yetu, mwenye fedha kidogo atafaidika zaidi akitengeneza kwanza kichanja cha miti au mianzi, kisha anunue godoro jembamba lililo zito na kulitandika juu ya mkeka. Hewa ikipita chini, unyevu hupungua, na mchwa huonekana mapema wakipanda miguu ya kichanja. Asubuhi anika vyote viwili. Koroboi ikae mbali: sponji hushika moto upesi na moshi wake una sumu, nacho kibanda cha nyasi hakikupi muda wa kutoka.

Dai risiti, na hakikisha vipimo vya godoro vimeandikwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani hushughulikia malalamiko ya namna hiyo. Risiti iliyoandikwa «godoro 1» tu haitaonyesha kwamba uliahidiwa inchi 4.