Mgonjwa Yuko Kisiwani, Daktari Yuko Mjini



Kutoka Kismayo kwenda kusini hadi Ras Kiamboni, mpakani mwa Kenya, visiwa vya Wabajuni vimejipanga sambamba na pwani: Koyama, Chovai, Ngumi na vinginevyo. Wenyeji ni wavuvi. Hupiga mbizi kutafuta kamba wakubwa, ambao huenda kuliwa mbali kwa bei asiyoiona mzamiaji. Hospitali kubwa iko Kismayo. Mtu akiugua kisiwani, safari ni ya chombo, na kusi likichafua bahari chombo hakitoki.

Swali letu ni hili: mtu akiugua ghafla mahali pasipo daktari, huokolewa na nini? Wengi hujibu kuwa ni bahati. Sisi twasema ni matayarisho, na matayarisho yana gharama ambayo lazima mtu ailipe.

Tuchukue mfano wa nyambizi, yaani manowari ipitayo chini ya maji. Septemba 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, nyambizi ya Marekani iitwayo Seadragon ilikuwa katika bahari ya adui. Baharia mmoja, Darrell Rector, mwenye miaka 19, alishikwa na ugonjwa wa kidole tumbo. Daktari hakuwamo. Mganga msaidizi, Wheeler Lipes, alimpasua juu ya meza ya kulia chakula. Vijiko vilivyopindwa vilishikilia kidonda wazi, na kichujio cha chai kikawa chombo cha kuvutia dawa ya usingizi. Kazi ilichukua kama saa mbili na nusu. Rector akapona.

Watu huisimulia habari hii kama muujiza. Sisi tuitazame kwa jicho la mfanyakazi. Lipes aliweza kwa sababu alikuwa amefundishwa, na aliwahi kuwasaidia madaktari hospitalini. Dawa ya usingizi ilikuwamo chomboni. Palipokuwa na upungufu ni kwenye vifaa, na upungufu huo aliubeba yeye mwenyewe. Nishani alipewa mwaka 2005, zaidi ya miaka 62 baadaye.

Hatusemi mtu yeyote ajaribu kupasua. Tunasema mahali pa mbali panahitaji mambo matatu kabla ya ugonjwa kufika.

Kwanza, mtu aliyefundishwa. Maumivu yakianzia kitovuni kisha yakahamia chini upande wa kulia, usimpe mgonjwa haluli wala usimkande tumbo, maana kidole tumbo kinaweza kupasuka. Asile, apelekwe hospitali upesi. Aliyechomwa na mwiba wa taa atie mguu katika maji ya moto kiasi anachoweza kustahimili, bila kujiunguza, kisha apelekwe kutibiwa. Jeraha linalovuja damu nyingi ligandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Maarifa haya hayahitaji chuo kikuu. Yanahitaji siku chache za mafunzo.

Pili, sanduku la dawa lililojaa na lenye kukaguliwa. Sanduku tupu ukutani ni pambo.

Tatu, sauti na chombo. Tangu 1935 kuna kituo mjini Roma ambacho madaktari wake huwashauri mabaharia kwa redio bila malipo, wawe wa taifa lolote. Habari ikifika mapema, huokoa hata wale ambao bado hawajaugua. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mama mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 wakalazwa. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa, wala haina dawa ya kuiondoa. Kinga yake ni kutokula kasa, na neno hilo lazima lifike kila kisiwa ambako kasa huliwa.

Haya si maombi ya hisani. Mkataba namba 188 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2007, unahusu kazi ya uvuvi wa biashara. Unataka chombo kiwe na vifaa vya matibabu, mtu aliyefundishwa huduma ya kwanza, na njia ya kupata ushauri wa daktari kutoka nchi kavu. Unampa mvuvi aliyeumia vibaya haki ya kufikishwa pwani kwa wakati. Wa mashamba makubwa, namba 110 wa 1958, nao una sehemu inayohusu matibabu. Nchi isiyouridhia mkataba haifungwi nao, lakini sisi tunaweza kuufanya kipimo cha madai yetu.

Msidhani kisiwa ni lazima kizungukwe na maji. Shamba la miwa lililo mbali na barabara wakati wa masika ni kisiwa. Kiwanda cha zamu ya usiku, chenye lango lililofungwa na gari lililokwenda na meneja, ni kisiwa pia.

Kwa hiyo kila tawi liulize wiki hii: Nani katika zamu yetu amefundishwa? Ufunguo wa sanduku la dawa anao nani? Gari gani litambeba mgonjwa saa nane za usiku, na dereva wake analala wapi? Majibu yaandikwe na yapelekwe kwa mwajiri kwa maandishi. Pasipo na jibu, hapo ndipo pa kuanzia madai.

Umoja ni nguvu.