Queen, Okestra na Vita vya Sayari ya Mongo

Wapenzi wengi wa bendi ya Queen huiruka albamu ya "Flash Gordon", na mimi naona wanajinyima uhondo. Ilitoka Uingereza Desemba 1980, miezi michache tu baada ya "The Game". Ina vipande 18, lakini nyimbo zenye mashairi kamili ni mbili: wa kufungulia na wa kufungia. Vilivyobaki ni vipande vifupi vifupi vya muziki wa filamu ya jina hilo hilo, vilivyochanganywa na sauti za waigizaji, milio ya silaha na vicheko vya mtawala katili Ming.

Filamu yenyewe, iliyoongozwa na Mike Hodges, ilitokana na hadithi ya katuni iliyoanza kuchapishwa magazetini Marekani mwaka 1934. Kijana, Flash, anajikuta kwenye sayari ya mbali, Mongo, na kulazimika kuiokoa Dunia. Kisa chepesi, lakini Queen walikichukulia kwa uzito wote. Wanne hao waligawana kazi, kila mmoja akatunga vipande vyake: Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, alitunga cha Ming mwenyewe, Roger Taylor, cha mapenzi ndani ya chombo cha angani, John Deacon, cha Flash kupelekwa kuuawa.

Brian May ndiye aliyeandika wimbo wa kufungulia. Noti moja nzito inagongwa, inarudiwa na kurudiwa, mpaka msikilizaji anajikuta anasubiri jambo litokee. Kisha kibwagizo kinalipuka. Kwenye tukio la harusi ndani ya filamu, May alichukua wimbo wa bibi harusi wa Wagner, ule ule unaopigwa makanisani, akaupiga kwa gitaa alilolitengeneza na baba yake kwa mbao za meko kuukuu. Alirekodi sauti moja, akaongeza ya pili juu yake, kisha nyingine, hadi gitaa likasikika kama kundi zima la tarumbeta na fidla.

Okestra ya kweli nayo ilikuwepo. Howard Blake aliajiriwa kuiandikia filamu hiyo muziki wa okestra, akapewa muda mfupi mno. Sehemu kubwa ya kazi yake haikutumika, na kwenye albamu anatajwa kama mpangaji wa okestra ya nyongeza tu. Hilo linaniuma. Ni huyu huyu ambaye mwaka 1982 aliandika muziki wa "The Snowman", ambao Waingereza husikiliza kila Krismasi.

Sikiliza "The Kiss" uone alichochangia. Freddie anapandisha sauti juu kabisa, bila neno hata moja, na fidla zinainuka pamoja naye bila kumfunika. Hapo huwezi tena kusema roki imeishia wapi na okestra imeanzia wapi.

Mwaka 1986 Queen walirudi kwenye sinema na "Highlander", safari hii wakiwa na mtunzi Michael Kamen. Nyimbo zao ziliingia kwenye "A Kind of Magic", albamu iliyouza vizuri kuliko "Flash Gordon", na muziki wa okestra ambao Kamen aliiandikia filamu ukabaki nje. Kwa masikio yangu, nyimbo za "Highlander" ni nzuri zaidi moja moja. Lakini anayetaka kuiona filamu nzima akiwa amefumba macho, achukue "Flash Gordon" na aisikilize bila kuruka kipande.