Wahamiaji wa Johannesburg na tiba ya kanisani

Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 humpa kila mtu haki ya huduma za afya. Hata hivyo, wahamiaji wengi wasio na vibali katikati ya Johannesburg waliziogopa hospitali za serikali.

Ndipo Desemba 2007 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, lililoasisiwa Ufaransa kwa nguvu ya watu wa kujitolea, lilipofungua zahanati katika Kanisa Kuu la Methodist, jirani na Marshalltown. Maelfu walilala humo, wengi wao Wazimbabwe.

Mwaka 2008 Askofu Paul Verryn alianzisha shule katika barabara ya Albert. Walimu wake wengi walikuwa wakimbizi.

Hifadhi ya kanisani ilifungwa mwishoni mwa 2014. Haki ya katiba bado yahitaji muuguzi asiyedai kibali kabla ya kutibu.