Je, Wajua? Seli Nyekundu ya Damu ni Kapasita

Damu ina chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Lakini ukiipima damu nzima kwa umeme wa polepole, yaani unaogeuka mwelekeo polepole, utakuta inapitisha kama nusu tu ya kile kinachopitishwa na utegili wake, yale majimaji ya manjano yanayobaki juu seli zikituama. Kizuizi ni seli nyekundu zenyewe. Zipo kama milioni 5 katika kila mikrolita, zinachukua karibu nusu ya ujazo wa damu, na umeme ukizifikia hauingii, unazizunguka. (Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na wakazi wa nyanda za juu huelekea kuwa na seli nyekundu nyingi kidogo. Huenda basi damu ya mtu wa Goma ikawa kaidi kwa umeme kuliko ya mtu wa Mombasa, malaria isipozipunguza seli hizo.)

Sasa ugeuze umeme huo mwelekeo mara milioni kadhaa kwa sekunde, yaani kwa masafa ya redio. Seli ile ile inaupitisha. Rudolf Höber, mwanafiziolojia aliyekuwa Kiel, Ujerumani, alilionyesha hilo kati ya mwaka 1910 na 1913, na hivyo akatoa jibu kwa ubishi mmoja: chumvi iliyo ndani ya seli haijanata kwenye protini, bali ayoni zake zinatembea huru.

Siri iko kwenye utando. Ni wa mafuta na hauruhusu ayoni kupita ovyo, huku pande zake zote mbili kukiwa na maji ya chumvi. Fundi redio wa Birere, mtaa wa Goma, angeelewa mara moja, kwa sababu kila redio anayoifungua ina vidude vya namna hiyo, yaani kapasita: vipitishi viwili vilivyotengwa na kihami chembamba, vinavyozuia umeme wa betri na kupitisha mawimbi. Utando wa seli nyekundu hujaa chaji kwa takriban sehemu moja ya kumi ya mikrosekunde. Umeme wa polepole unausubiri ujae, kisha unakwama. Wimbi la FM la megahezi 100 linakuwa limekwisha kwenda na kurudi mara kadhaa kabla utando haujajaa, na kwake damu yote ni maji ya chumvi yenye protini, basi.

Aliyefaidi zaidi jambo hili ni Hugo Fricke, Mdenmark aliyefanya kazi Cleveland, Marekani. Mwaka 1925 alipima damu ya mbwa na kupata kwamba kila sentimita ya mraba ya utando ina uwezo wa kushika chaji wa mikrofaradi 0.81. Kutokana na namba hiyo akakokotoa unene wa utando: nanometa 3.3. Hadubini ya elektroni ilikuwa haijatengenezwa, wala hakuna aliyekuwa amewahi kuuona utando huo. Hata leo sehemu yake ya mafuta inakadiriwa kuwa na unene wa karibu hivyohivyo. Kwangu mimi hicho ni kipimo kizuri kuliko vingi vilivyompatia mtu Nobeli, na Fricke hakuipata.

Kazi ya maabara ya kila siku ilikuja baadaye. Mvumbuzi Wallace Coulter alipata hataza yake ya kuhesabu seli Marekani mwaka 1953: damu iliyozimuliwa inavutwa kupitia tundu dogo lenye umeme, na kila seli inayopita inaupunguza kwa kitambo kidogo. Mshtuko mmoja, seli moja. Ukubwa wa mshtuko, ukubwa wa seli. Mashine za kuhesabu damu za aina hiyo zimeenea hospitalini, Goma ikiwamo, ingawa umeme wa mji unaokatika hauzipendezi hata kidogo. Baadhi yake huongeza umeme wa masafa ya redio ili kupenya utando wa seli nyeupe na kupima kiini na punje zilizomo, kwani seli mbili zenye ukubwa sawa zinaweza kuwa na matumbo tofauti kabisa.

Malaria nayo huacha alama ya umeme. Kimelea kinapokua ndani ya seli nyekundu, utando unaanza kuvuja na ayoni zinahama. Mwaka 2002 watafiti wa Houston na wenzao wa Thailand walieleza jinsi seli zilizoambukizwa zinavyoweza kutengwa na zile nzima kwa uga wa umeme peke yake. Kwenye vituo vya afya vya Goma, hata hivyo, malaria bado inatafutwa kwa kipimo cha haraka, au kwa tone nene lililotiwa rangi ya Giemsa chini ya hadubini.