Nani anasema «basi» kwenye kitanda cha mgonjwa?

Ndugu wachimbaji wa Mongbwalu, wa Kilo, na nyinyi wote wa mashimo ya Irumu na Djugu, kifo sisi tunakijua. Udongo unaanguka, tunachimba kwa mikono, tunamtoa mwenzetu, tunachanga, tunazika. Kifo cha namna hiyo hakimuulizi mtu swali. Lakini kuna kingine kinakuja polepole. Kijana amevunjika mgongo na hatasimama tena, vidonda vya kulala vinamkula. Mzee mapafu yake yamejaa vumbi la mawe. Mama ana kansere ya kizazi iliyofika mbali. Hapo maswali ni mengi, na hakuna anayeyauliza kwa sauti. Tunaongeza serumu, tunauza mbuzi, halafu parsele, tunatafuta pikipiki ya kwenda hopitali nyingine. Mwisho wake ni feza ndiyo inasema «basi», siyo munganga, siyo muuguzi, siyo mgonjwa mwenyewe.

Nafikiri haifai iwe hivyo. Nieleze, na nianze na Nyankunde, kwa sababu huko wauguzi walijaribiwa vibaya sana.

Nyankunde iko kama kilomita 45 kutoka Bunia, upande wa kusini-magharibi. Makanisa ya Kiprotestanti yalijenga pale Centre Médical Évangélique katika miaka ya 1960, na shule yake imetoa wauguzi walioenea Ituri nzima. Wengi wetu tulishonwa na mikono iliyofundishwa pale. Tarehe 5 Septemba 2002 vita iliingia katika hopitali hiyo. Human Rights Watch iliandika mwaka uliofuata kwamba watu wasiopungua 1,200 waliuawa Nyankunde kwa siku kama kumi, na wengine waliuliwa juu ya vitanda vya wagonjwa. Wafanyakazi walificha watu ndani ya nyumba za hopitali. Waliobaki walikimbia kwa miguu mpaka Oicha, karibu na Beni, safari ya kilomita zaidi ya mia. Hopitali ilipigwa, ikaporwa, na baadaye ikafunguliwa tena.

Sitaki kurudia hesabu ya nani alimfanyia nani. Ninachosema ni kwamba muuguzi aliyekaa na mgonjwa siku ile hakuwa na dawa ya kumponya, wala bunduki ya kumlinda. Alikuwa na kitu kimoja tu: kutomwacha. Na mimi naona kazi ya uuguzi inaanzia hapo. Hata Baraza la Kimataifa la Wauguzi, katika kanuni zake zilizorekebishwa mwaka 2021, limeandika kwamba muuguzi ana kazi ya kukuza afya, kuzuia ugonjwa, kurudisha afya, na pia kupunguza mateso na kusaidia mtu afe kwa heshima. Kusaidia kufa kwa heshima imeandikwa kuwa kazi. Kwa hiyo muuguzi akikaa na mtu ambaye hatapona hapotezi wakati, hata kama sisi tunamuuliza, «Mbona haumupige sindano?»

Wakati wa Ebola pia tuliona. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Kivu ya Kaskazini, ukafika Ituri, na zone ya afya ya Nyankunde nayo ikaguswa. Ulipotangazwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200. Kilichokasirisha familia siyo kifo peke yake. Ni mtu kuchukuliwa ndani ya hema na kurudishwa ndani ya mfuko, bila aliyemuona. Ndipo shirika ALIMA likaleta vile vyumba vya plastiki inayoonyesha ndani, ambapo mama anaweza kusimama nje na kuongea na mtoto wake mpaka dakika ya mwisho. Hasira ya familia ikapungua. Watu walitaka kuona.

Sasa turudi kwetu. Wanafunzi wa uuguzi wanafundishwa kanuni nne: kumtendea mgonjwa mema, kutomdhuru, kuheshimu uamuzi wake, na kugawa matunzo kwa haki. Mimi nimesoma sekondari tu, sikuhitaji vitabu vingi kuelewa ile ya kwanza na ya pili. Ya tatu ndiyo inatushinda huku.

Angalia tunavyofanya. Munganga anamwita kaka mkubwa ao mjomba nje, kwenye baraza. «Yaya, ugonjwa imepita sisi.» Kaka anarudi ndani na uso wa uongo: «Munganga anasema utapona.» Mgonjwa anamwangalia. Anajua. Kila mtu anajua, na kila mtu anadanganya mwenzake kwa upendo. Nimekaa kwenye matanga mengi ya wachimbaji ambapo hasara ilianzia kwenye uongo huo. Mtu alikuwa na sehemu yake katika shimo, hakuna aliyejua ni ngapi. Alikuwa amekula feza ya négociant kabla ya dhahabu kutoka. Alikuwa na watoto kwa mama wawili. Angeambiwa, angekuwa na wiki tatu za kupanga maneno hayo, kumwita PDG wa shimo na mashahidi wawili. Hakuambiwa. Kesho yake wajane wawili wanapigana mbele ya jeneza, na négociant anabeba bati la nyumba.

Sisemi muuguzi amtupie mtu kifo usoni. Kuna njia. Anamuuliza kwanza: «Baba, unataka kujua yote juu ya ugonjwa wako, ao unataka tuongee na nani?» Kama mzee anajibu, «Muongee na mutoto wangu wa kwanza,» hiyo pia ni uamuzi wake, iheshimiwe. Kosa ni kumpita bila kumuuliza, kama vile amekwisha kufa.

Kuna jambo lingine tunalolichanganya sana. Kuacha matibabu ambayo hayasaidii tena siyo kuua. Kumpa mtu sindano ili afe, hiyo ni kuua, na sheria ya Kongo haina mlango wa kuiruhusu hata kama mgonjwa mwenyewe ameomba. Kati ya hizo mbili kuna bonde kubwa. Wakatoliki kati yetu wajue kwamba Papa Pius XII aliwajibu waganga tangu mwaka 1957: mtu hana lazima ya kutumia njia zinazopita kiasi ili kurefusha maisha, na kutuliza maumivu kunaruhusiwa hata kama dawa inaweza kufupisha siku, mradi nia siyo kuua. Kwa hiyo familia inayosema, «Tumurudishe nyumbani, asiendelee kutobolewa,» haijafanya zambi. Lakini kurudi nyumbani bila dawa ya maumivu, bila mtu wa kuosha vidonda, huko ndiko kumwacha mtu.

Na dawa ya maumivu ipo. Inaitwa morfini. Watu wetu wanaiogopa, wanasema ni dawa ya kumalizia mtu. Siyo hivyo. Ile ya kunywa inaanza kwa kiasi kidogo, inatolewa kila masaa manne, inaongezwa polepole mpaka maumivu yatulie. Inafunga tumbo, kwa hiyo muuguzi anaongeza dawa ya kulainisha choo. Mgonjwa analala, anakula kidogo, anaongea na watoto.

Nenda uone ng'ambo ya Ziwa Albert. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda kule Kampala, na morfini ya maji. Unga unachanganywa na maji palepale Uganda, bei yake ni ndogo. Mwaka 2004 serikali yao ikaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo waandike wenyewe hiyo morfini, kwa sababu vijijini munganga hayuko. Huku kwetu pia, kwenye vituo vya afya vya mashimoni, anayekutana na mwenye maumivu usiku ni muuguzi peke yake, na taa ya simu. Ana mashine moja ya oksijeni na wagonjwa wawili wanaoihitaji. Anamuondolea nani? Uamuzi kama huo haufai kubebwa na msichana wa miaka ishirini na tano peke yake halafu asubuhi familia imngojee na mawe. Kila kituo kipange mbele, kwa maandishi, nani anaitwa, nani anaamua, familia inaambiwa nini. Sendika yetu inaweza kudai hilo kama inavyodai kofia na mbao za kushikilia udongo.

Kisha kuna feza, nilikoanzia. Sisi tuna likelemba. Mtu akikufa, kabla ya jua kuzama tumekwisha kupata jeneza, turubai, mchele, mafuta ya gari. Siku thelathini kabla yake alikuwa analia usiku juu ya mkeka na hakuna aliyechanga hata makuta ya sabuni ya kumuosha. Nimependekeza katika kikao chetu kwamba sehemu moja ya mchango wa matanga itolewe mapema, pale munganga anaposema kuponya hakuwezekani tena: pikipiki ya muuguzi mara mbili kwa wiki, dawa, pamba, godoro, na chakula cha yule garde-malade anayekesha.

Vijana walikubali upesi. Wazee wawili walikataa. Mmoja alisema, «Ukimupa mutu feza ya matanga angali anapumua, unamuita kifo.» Mwingine aliuliza jambo ambalo ni gumu zaidi: ni nani atakayemwambia mgonjwa feza hiyo imetoka wapi? Tumeweka swali hilo kwa kikao kijacho, na tumewaita wauguzi wawili waje wakae nasi.