Makonyo yana subira, mchaichai hauna

Karafuu zikishachambuliwa, mkulima wa Pemba hubaki na makonyo. Nayo ni mali: katika kiwanda cha ZSTC huko Wawi, Chake Chake, hutolewa mafuta kwa mvuke.

Gharama iko kwenye moto. Boila iliyopoa hula kuni au dizeli nyingi kabla tone la kwanza la mafuta halijatoka. Kuiwasha kwa mkupuo mmoja, kuizima, na kuiwasha tena kesho ni hasara tupu. Umeme wa kebo ya baharini kutoka Tanga, uliofika kisiwani mwaka 2010, haukuifuta hesabu hiyo.

Afadhali mikupuo ifuatane. Mchaichai uliokatwa hunyauka, basi utangulie. Makonyo makavu yangoje ghalani. Wenye mitambo midogo vijijini nao wapatane siku ya kukata, mizigo ifike pamoja.