Jua la Kericho na taa za dukani: joto si kipimo

Mwana wa Pwani apandapo Kericho na Bomet, jambo la kwanza alionalo ni baridi. Asubuhi ukungu umelala juu ya mashamba ya chai, na jua litokapo huwa pole kama la kipupwe. Basi hulidharau, akashinda nje kichwa wazi. Jioni ngozi yamwasha. Sisi tumezoea kwamba jua kali ni lenye joto, kumbe joto na kuungua ngozi ni mambo mawili mbali mbali.

Wataalamu walilijua hilo zamani. Mwaka 1800, huko Uingereza, William Herschel aliweka vipimajoto katika rangi za mwanga wa jua, akakuta joto limezidi nje ya nyekundu, pasipoonekana kitu. Mwaka 1801 Mjerumani Johann Wilhelm Ritter akatazama upande wa pili, nje ya urujuani, akakuta chumvi ya fedha yapiga weusi. Miale ya kwanza ni infraredi, ya pili ni urujuanimno. Ile hupasha moto. Hii hugeuza ngozi, wala mtu haisikii.

Kericho iko karibu na ikweta, kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari. Kwa kila mita 1,000 upandazo, urujuanimno huzidi kwa kadiri ya asilimia 10, na sehemu kubwa hupenya wingu jepesi. Ndiyo maana mchuma chai, na zaidi mwenye ualbino, ahitaji kofia pana hata siku ya baridi.

Na taa ni vivyo hivyo. Taa nyekundu ya infraredi, ndugu ya ile ipashayo vifaranga, hulegeza misuli ya mgongo uliochoka. Kazi yake ni joto, haiponyi mbalanga. Ikisogezwa mno huunguza, hasa mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi.

Taa ya urujuanimno nayo ina heshima yake. Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Kabla yake, karne ya 13, tabibu Ibn al-Baytar aliandika juu ya mbegu ambazo mwenye mbalanga alizila kisha akaota jua. Na miaka ya 1940 Dakta El Mofty wa Cairo akatibu kwa dawa iliyotokana na mmea huo. Leo madaktari wa ngozi huitumia taa hiyo kwa kipimo, macho yamekingwa.

Lakini dawa si pambo. Mwaka 2009 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliziweka taa za kujigeuza rangi ya mwili miongoni mwa vitu vilivyothibitika kuleta saratani, na Brazili ikazipiga marufuku. Hata taa ndogo za kukaushia rangi ya kucha, watafiti wa California walionyesha mwaka 2023 kuwa miale yake hudhuru chembe hai katika maabara. Hilo si thibitisho kwamba kila atumiaye ataugua, ila yafaa kuikinga mikono. Hina yetu haihitaji taa.

Basi msomaji, ukiuziwa taa ya ngozi, uliza kwanza: ni ya joto au ya urujuanimno? Asiyejua jawabu, mwachie taa yake. Nawe mwenye mbalanga, nenda kwa daktari wa ngozi.